Bwiru, Mwanza: nimepanga chini ziwani, nikahamia juu kwenye mawe, hii ndo tathmini yangu

Watu wananiuliza sana kuhusu kukaa Bwiru, hasa wale wanaohamishiwa Mwanza kikazi halafu wakishaona zile picha za jua linazama wanachanganyikiwa, kwahiyo naandika mara moja kila kitu nisirudie tena. Mi nimetokea Dar, Tabata, nikaja huku Januari 2024 na mke na mtoto mmoja, na mpaka leo nimekaa nyumba mbili ndani ya mtaa huohuo, moja chini kabisa ambapo mawimbi unayasikia ukiwa kitandani, nyingine juu kwenye mawe kama dakika kumi kwa mguu, au kumi na tano kama umebeba mkungu wa ndizi. Ya kwanza naipa mbili kwa kumi. Ya pili naipa nane. Na ziwa ni lilelile.

Kwa asiyejua, Bwiru iko pembeni ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, ukitoka mjini unapita Kirumba, unapita Kitangiri, af unaiacha barabara ya Airport unakunja kushoto kulifata ziwa. Ni milima ya mawe tupu imejichomeka kwenye maji, nyumba zimebanana katikati ya mawe, na kuna zile shule mbili kongwe, Bwiru Boys na Bwiru Girls, kwahiyo ukisikia mtu mzima anasema "nilisoma Bwiru" anaweza kuwa katibu wa wizara au fundi wako wa bomba, wote wamepita hapa.

Sasa nyumba ya kwanza. Dalali alinipeleka saa kumi na mbili kasoro jioni. Hapo nilishapigwa tayari ila sikujua. Jua linashuka nyuma ya maji, mitumbwi inatoka, upepo umetulia, mke wangu kasimama barazani hata chumbani hajaingia, ananiambia "hapahapa". Laki nne na nusu kwa mwezi, miezi sita mkupuo, dalali naye mwezi wake mmoja, na elfu ishirini ya kutuzungusha. Milioni tatu na laki moja na sabini nikazitoa siku hiyohiyo. Ukuta ulikua umepakwa chokaa mpya, harufu bado ipo, nikajisemea huyu mwenye nyumba anajali kwelikweli. Ikumbukeni hiyo chokaa.

Asubuhi ya kwanza nimetoka getini nikakutana na bibi mmoja Msukuma, jirani, anatoka kununua dagaa. Nikamsalimia "Shikamoo bibi", akaitikia, akanifundisha na "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, tukacheka. Akaniuliza, "Mwanangu, ni nyie mliohamia kule chini?" Nikasema ndiyo bibi. Akasema, "Haaaya." Basi. Akaendelea na safari yake. Ile haya imenichukua miezi minne kuielewa.

Niseme ukweli, mwezi wa kwanza ulikua mtamu. Mtu wa Dar akifika Mwanza anadhani ziwa ni bahari ndogo, siyo kabisa. Huku uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo usiku unajifunika blanketi, feni nililokuja nalo limelala stoo mpaka kesho. Chumvi hakuna. Nilikua nimezoea kwamba ukikaa karibu na maji kutu inakula kila kitu, ndugu yangu anakaa Kigamboni kila mwaka anabadilisha bati, huku hakuna hiyo kitu, pikipiki inalala nje na inaamka vilevile. Na upepo una ratiba: mchana nchi kavu ikishapata moto upepo unatoka ziwani kuja kwako, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani, ndo maana usiku ukikaa barazani unaziona radi zinapiga mbali huko katikati ya maji na kwako hata tone hamna.

Halafu taa. Kama hujawahi kuona wavuvi wa dagaa usiku wa giza, njoo hata kwa hilo tu. Zamani walikua wanatumia karabai, saivi wengi ni taa za betri, na ziwa zima linawaka, mara ya kwanza mwanangu aliniuliza "baba ule mji unaitwaje?" Ila wiki ya mbalamwezi unaona giza tu, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanatulia nchi kavu wanashona nyavu na bei ya dagaa inapanda. Ukishakaa huku unaanza kuhesabu mwezi bila kujua, kwa ajili ya dagaa na kwa ajili ya hao ninaowasema sasa hivi.

Wadudu jamani. Dalali hawezi kukuambia. Unaona mchana ziwani kama moshi umesimama, nguzo ndefu nyeusi kabisa, mgeni anadhani kuna meli inaungua. Siyo moshi, ni wadudu. Wanakulia kwenye tope chini ya ziwa, na mwezi ukiandama wanatoka kwa pamoja mabilioni, upepo ukiwasukuma kuja kwako umekwisha. Hawaumi, hilo nawatetea, lakini wanaingia popote: puani, kwenye chai, kwenye soketi, kwenye mkate uliokwisha kuupaka siagi. Siku ya kwanza tulikua tumewasha taa ya barazani, asubuhi nimekuta rundo chini yake limefika kwenye kifundo cha mguu, laini kama majani ya chai yaliyotumika, na harufu ya samaki. Nimezoa na koleo. KOLEO. Jirani kanipitia kaniambia "kaka siku za hivi unazima taa zote za nje, unakula saa kumi na mbili, saa moja mko chumbani". Na kweli ukipita mtaa wa chini usiku huo unadhani umeme umekatika, kumbe watu wamejificha. Mbu nao wapo, wa kawaida, ambao wanauma na malaria ni ya kweli, chandarua siyo hiari.

Halafu hiki kitu nakiandika kwa herufi kubwa kwa wazazi: KICHOCHO. Nyumba ilikua na kigeti cha nyuma, ukifungua kuna ngazi za zege zinashuka majini. Mi nilikua nashuka jioni nachovya miguu, mtoto anacheza na makopo pembeni kwenye majani. Maji yanaonekana safi kabisa, ndo ubaya wenyewe. Konokono wadogo wanakaa palepale pembeni kwenye majani na maji yaliyotulia, vijidudu vinatoka kwao vinaingia kwenye ngozi yako, huhitaji kunywa, kukanyaga tu kunatosha. Huku ziwani kilichojaa ni kile cha tumbo, siyo cha mkojo, kwahiyo watu wanaangalia mkojo hawaoni damu wanasema mi niko fresh. Mi ilianza tumbo kusokota na choo kikawa kinakuja na damu, nikajua vidonda vya tumbo, mke akanilazimisha nikapime. Wakanipima uzito, kilo 61, vidonge vinne vikubwa vya praziquantel nikameza mbele ya nesi, vichungu balaa, nikashinda nimelala siku nzima kizunguzungu. Mtoto naye alikua nacho. Nesi hakushangaa hata kidogo, akaniuliza tu, "Mnakaa wapi?" Nikasema Bwiru. "Chini?" Chini. Akaandika.

Kwahiyo mtu akikutangazia nyumba "ina access ya ziwa", kwa mwenye mtoto hiyo siyo faida, hicho ni kigeti cha kufungia kufuli na ufunguo ukae na mama.

Haya sasa tuje kwenye maji yenyewe. Zile ngazi nilizihesabu siku tunahamia, saba zilikua kavu. Machi zikabaki sita. Mvua zikawa zinapiga, kila nikiamka naenda kuangalia ngazi kama mtu anaangalia mgonjwa. Katikati ya Mei zilibaki tatu, na ziwa likichafuka lilikua linatema mate mpaka kwenye kamba ya nguo. Mzee mmoja mvuvi akaniambia, "Ziwa hili halijazwi na mito, linajazwa na juu." Nikaona ni maneno ya wazee, kuja kusoma kumbe ni kweli, kama asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja, Uganda. Mvua ikizidi halina pa kukimbilia, linajitanua taratibu kuja kwenye sebule yako. Mei 2020 lilivunja rekodi ya mwaka 1964, fukwe na majengo kibao kuzunguka ziwa zima yakaingia maji, Kenya, Uganda, kwetu, kote, na miaka minne tu baadaye likarudi tena na mimi nikiwemo.

Mwenye nyumba nikampigia. "Haijawahi kutokea hiyo, ni mwaka huu tu." Sawa mzee. Wiki hiyohiyo unyevu ulikua unapanda ukutani stoo, nikasogeza kabati la zamani alilotuachia humo, nyuma yake nikakuta mstari wa tope umenyooka ukuta mzima, usawa wa chini kidogo ya goti, umekauka na majani ya ziwani yamegandia. Maji yalishaingia humu siku za nyuma. Kabati lilikua limewekwa palepale makusudi, siwezi kuapa, ila lilikua zito sana kwa kabati tupu.

Choo nacho kikaanza. Maji ya ardhini yakipanda, karo linajaa kutokea chini, unavuta maji yanarudi. Ukiita gari la kunyonya linanyonya asubuhi, jioni limejaa tena, kwa sababu unanyonya ziwa. Laki moja na ishirini nimelipa mara mbili kunyonya Ziwa Victoria, mjinga mimi.

Na sasa chokaa. Mvua za Mei zilipiga ule ukuta wa uzio upande wa ziwani mpaka chokaa ikaanza kuporomoka, asubuhi moja nimetoka na mswaki mdomoni nikaona kitu chekundu kinachungulia. Nikafuta na kiganja. Mkono mmoja wa X. Nikaendelea kufuta, X nzima, kubwa, na tarehe chini yake imefutika nusu. Aliyekaa Tanzania haitaji kuelezwa X nyekundu ukutani maana yake nini. Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inasema ndani ya mita 60 kutoka ufukweni hakuna shughuli za kudumu za binadamu, na nyumba yangu ukiruka kutoka kitandani kwa nguvu unaangukia majini. Nilipima kwa hatua, sikufika hata ishirini. Nilikua nimelipa miezi sita kwenye nyumba iliyokwisha kuhukumiwa kuvunjwa ikapakwa poda.

Mwisho wa Mei tukatoka. Kodi ilikua imebaki mwezi mmoja na nusu, laki sita na sabini na tano, nikamuomba anirudishie hata nusu. Akanijibu, "Kijana, mimi nakodisha nyumba, sikodishi ziwa." Nimekasirika ila mpaka leo nikiikumbuka nacheka, maana jioni ile ya kwanza alichonikodisha ni ziwa tupu. Nyumba imepata mpangaji mwingine mwezi wa nane, kipindi maji yameshuka na chokaa imerudiwa. Nilimpitia yule jamaa nikamwambia. Alikua kasimama barazani jua linazama. Akaniambia asante kaka, nimekuelewa. Hajahama.

Nyumba ya pili alinitafutia yule bibi wa dagaa, hakuna cha dalali, nilimpelekea kitenge na kilo mbili za sukari, wabeja sana, yaani asante kwa Kisukuma, yakaisha. Iko juu, vyumba vitatu, laki mbili na nusu. Soma tena: vyumba vitatu, laki mbili na nusu, na ziwa naliona KUZIDI nilivyokua naliona chini, maana chini unaona maji na mtumbwi wa jirani, juu unaona mpaka meli ya Bukoba ikitoka usiku na taa zake inakata maji taratibu kama haina haraka. Bei iko chini kwa sababu gari haifiki mlangoni na watu wengi wa kuja wanataka kusema "naishi ziwani". Mi nasema kaa unapoliona ziwa, usikae linapokuona wewe.

Katikati ya ua kuna jiwe, siyo jiwe la kukalia, jiwe kubwa kuliko hiace, mjenzi aliliacha hapohapo akapitisha ukuta kulizunguka. Mchana linapata joto tunaanikia nguo na dagaa, jioni linabaki na uvuguvugu mtoto analala juu yake kifudifudi. Lina wapangaji wake pia. Mijusi, madume kichwa na mabega mekundu yenye upinki na mwili wa bluu, anapiga pushapu mbele ya majike siku nzima, mwanangu anamwita Mnyama kwa sababu kavaa jezi ya Simba, na mimi baba yake Yanga naumia ndani ya uzio wangu mwenyewe. Pimbi nao wapo, wanakaa kwenye nyufa za mawe nyuma ya jiko, wanapiga kelele kama mtoto anakabwa, wiki ya kwanza mke wangu alikua analala na simu mkononi. Mboga usipande bila wavu, wanamaliza.

Ubaya wa juu nao upo na sitauficha. Kwanza maji. Utakaa unaangalia ziwa la kilomita za mraba karibu 69,000, kubwa kuliko yote Afrika, na bomba lako linatoa upepo. Ni presha tu, mlima ni mlima, maji yanapanda usiku wa manane wakati walioko chini wamelala, kwahiyo bila simtank usihamie, la lita 1,000 kwa familia ya watu watatu tuliona halitoshi tukaongeza la 2,000. Zikipita siku tatu hayajapanda kuna vijana wanaleta kwa dumu, mia tano dumu moja mpaka mlangoni, na ukiona anavyolipandisha kwenye yale mawe utaona aibu kuomba punguzo. Muulizeni amechota wapi, na kama amechota ziwani moja kwa moja hayo ni ya kudekia na kumwagilia tu.

Pili ni usafiri. Daladala mia sita mpaka mjini, hiyo fresh, tatizo ni kipande cha kutoka stendi kupanda. Boda mchana buku, mvua ikinyesha anakuacha chini anakuambia "bosi hapa mimi naishia", na ana haki, lile jiwe likilowa ni sabuni. Mke wangu alipanda na begi na mwavuli na keki ya birthday, ilifika mpaka kwenye kona ya mwisho, kutoka hapo mbuzi wa watu walisherehekea.

Tatu karo, hata huku uliza. Kwenye mwamba shimo halichimbiki, wengine wamejenga vikaro vifupi vya juujuu na mvua ikija wanafungulia, na unajua maji yanaelekea wapi, kwa waliopo chini na ziwani. Mi kabla ya kulipa nilimwambia mwenye nyumba naomba nione mfuniko, akashangaa, akanionyesha, tukaelewana.

Chakula hapa hakuna mpinzani na nitarefusha kidogo mniwie radhi. Mwaloni Kirumba uko karibu, ni soko la samaki na dagaa ambalo malori yanapakia mpaka ya Kongo. Upepo ukigeuka vibaya harufu ya kayabo inakufata, kayabo ni sangara aliyetiwa chumvi akakaushwa, Wakongo wanampenda sana, mi bado sijafika huko. Sato mnunue asubuhi mapema kwa wanaoshusha, fungua shavu, likiwa jekundu linang'aa chukua, likiwa la kahawia mwambie utarudi. Mwezi uliopita kilo nimechukua elfu kumi na moja, dagaa wanapimwa kwa sado na bei ni mwezi wa angani ndo unaamua kama nilivyosema. Ukiishiwa kuna mapanki, yale mifupa na vichwa vya sangara baada ya viwanda kutoa minofu ya kupeleka nje, yanakaangwa mpaka yanakua kama bisi, buku mbili unashiba na ugali wa muhogo. Mnofu unaenda Ulaya, bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, linaenda China kwa bei ya dhahabu, sisi tuliokaa na ziwa tunakula uti wa mgongo, na ni mtamu. Samaki anayenikosesha raha ni furu, wazee wanasema zamani ndoo nzima ilikua ya kugawa bure kabla sangara hajapandikizwa humu na kuwamaliza, saivi ukimpata bibi anakuita kabisa kwa simu.

Huyohuyo bibi hali samaki tarehe 21 Mei. Tarehe hiyo mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ikitokea Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, alikua na mtu wake ndani, na waliopatikana wengi wamezikwa makaburi ya kule Igoma. Siku hiyo hakai barazani, anageuza kiti kinaangalia ukutani. Sikuwahi kumuuliza zaidi na wewe ukihamia usimuulize.

Kelele: maji yanabeba sauti. Baa iko ng'ambo ya ghuba mwendo wa nusu saa, singeli unasikia na maneno yake. Ijumaa na Jumamosi usitegemee kulala kabla ya saa saba. Ndege za Airport zinapita, ni chache, unazoea. Mtandao juu uko vizuri, chini kwenye ile nyumba ya kwanza mlima ulikua unaziba nilikua natuma ripoti za kazi nimesimama juu ya tofali.

Kuhusu mitaa mingine ya ziwani kwa kifupi maana nimeitembelea tu sijakaa. Capri Point ni pazuri na karibu na mjini, boti za kwenda kisiwa cha Saanane hapohapo, ila mfuko wangu na Capri Point hatusalimiani. Luchelele ni tulivu, viwanja bado vipo na wanafunzi wa chuo cha SAUT pale Malimbe wanachangamsha, mbali na mjini tu, na huko ukinunua kiwanja cha ufukweni beba futi kamba yako mwenyewe na hizo mita 60 kichwani, usisomewe. Igombe ni kijiji cha wavuvi kimechanganyika na mji, bei nzuri, kama unafanya kazi mjini foleni ya asubuhi itakuzeesha. Ndugu zangu wa Geita wananiambia nihamie ng'ambo sasa hivi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 hivi unakatiza kwa dakika chache badala ya kusubiri kivuko, na kweli wageni wameongezeka kwangu, wanakuja mchana wanakula sato wanarudi jioni, hiyo sijui niiweke kwenye faida au hasara.

Ukija kuangalia nyumba Bwiru au popote ziwani, ya dalali ya saa kumi na mbili jioni kataa. Njoo saa nane mchana upepo ukiwa mkali uone mchanga na mawimbi yanavyofika, af rudi usiku mwezi ukiwa mpya uwashe taa ya nje dakika kumi. Sogeza makabati. Vuta choo mara tatu mfululizo. Ukuta ukiwa umepakwa upya upande mmoja tu, kwaruza na funguo.

Na kwa anayetafuta kweli, hapa tunapokaa chumba na sebule cha uani kitakua wazi mwezi wa tisa, laki na ishirini, luku yako peke yako, tangi tunachangia kujaza. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mstaarabu, hataki mbwa kwa sababu ya pimbi. Anasema wao walikuwepo kwanza.